Nilivyokwenda Visiga Kumrudisha Zuhura

Niliondoka Kisarawe kwa nia moja: kumrudisha nyumbani mjukuu wangu Zuhura, ambaye leo ninamtamkia haya ayaandike. Alikuwa amepata kazi Visiga, ya kuweka mifumo mipya kwenye kompyuta kuukuu za kituo cha ushonaji, na kila nilipompigia simu alijibu, "Bibi, bado hazijawaka." Nilimwarifu kwamba nikifika nikazikuta hivyo, atafunga mizigo turudi kulima muhogo.

Alfajiri, baada ya swala, nilipanda gari la Pugu nikiwa na kikapu cha mananasi. Pugu na Mbezi nilibadilisha gari. Tulipita Tumbi, kisha Kongowe, nami njia nzima nikipanga maneno ya kumgombeza.

Visiga nilipokelewa na Mama Salome, mkuu wa kituo.

"Shikamoo, Bibi! Keti, chai inakuja."

"Marahaba. Zuhura yuko wapi?"

"Amezama kwenye kompyuta zake. Wanafunzi wanaanza leo mchana."

Nilimkuta chini ya meza, ameshika waya. Alinieleza kwamba kompyuta hizo hupokea mfumo kwa waya kutoka mashine kubwa iitwayo seva.

"Zikiwaka, Bibi, zinauliza anwani yao ni ipi na chakula chao kiko wapi. Seva yangu inajibu yote mawili. Ruta ya mwenye nyumba, kile kisanduku cha intaneti, inajibu anwani tu, lakini inawahi kujibu. Kompyuta ikiisikiliza hiyo, inalala njaa. Ndiyo maana nimeizima."

"Mbona hizi zimelala njaa?"

"Sijui, Bibi. Jana moja ilikubali, wallahi!"

Chai ililetwa, nikaanza kunywa. Nilipokuwa katikati ya kikombe, kompyuta ya dirishani ilianza kupokea mfumo, na Zuhura akashangilia. Mama Salome, alipoona kikombe changu kimepungua, alikwenda kuchemsha maji mengine. Kompyuta zilizofuata ziligoma zote.

Zuhura alinyanyuka polepole, akitazama pembe ya chumba inapochemshiwa chai. Birika la umeme lilikuwa likifoka mvuke, na juu yake, ndani ya kabati la chuma, taa ya ruta ilikuwa ikimetameta.

"Mama Salome! Nani kawasha swichi hii?"

"Mimi. Birika litachemkaje? Likichemka nazima."

"Si nilikuomba isiguswe? Ruta inatumia swichi hiyohiyo, na ufunguo wa kabati anao mwenye nyumba!"

"Ulisema isiguswe. Hukusema wageni wasinywe chai."

"Kwa hiyo kila mgeni aliyefika hapa..."

"Amekunywa," alijibu Mama Salome kwa fahari.

Zuhura aliizima swichi. Mama Salome akaunyoosha mkono tena. "Bibi wa watu katoka Kisarawe, akae na kikombe kitupu? Nitasemwaje huko?"

Wote wawili wakanitazama. Maishani mwangu sijapata kukataa chai ya mwenyeji, na nimewagombeza wengi waliothubutu. Nilikifudikiza kikombe juu ya kisahani.

"Sinywi."

Mama Salome alishika kifua. "Ina kasoro gani, Bibi?"

"Haina. Sinywi mpaka ziwake zote."

Alikwenda kukata mananasi kwa kisu chenye kelele nyingi. Kompyuta zikaamka moja baada ya nyingine, na wanafunzi walipoingia, ya mwisho ilikuwa ikijiwasha. Zuhura hakufunga mizigo.

Jioni nilirudi peke yangu, nimekumbatia chupa ya chai ambayo Mama Salome alinisukumia dirishani mwa gari. "Huko njiani hakuna ruta!" alisema.

Nimejifunza kwamba kazi ya mtu yaweza kuharibiwa na wema, na mwenye wema asijue. Nilipofika Kisarawe, jirani alinikaribisha chai. Kabla ya kuketi, nilimuuliza swichi ya jikoni kwake inawasha nini kingine.