Dodoso Lililoanza kwa Shukrani

Rasmiyya aliipikia wodi yetu kahawa kwa miaka kumi na tisa, na titi lake la kushoto lilikatwa katika wodi hiyohiyo. Kwa hiyo saratani huwezi kumfundisha. Nilijaribu siku yangu ya kwanza ya uuguzi hapa Irbid, Jordani. Alinikodolea macho mpaka nikaufyata.

Mwaka ule Daktari Sirin alileta dodoso la kupima msongo wa mawazo, limetoka ng'ambo, yeye kalitia Kiarabu safi kabisa. Kila jibu lilikuwa na alama, sifuri hadi nne. Wanawake thelathini wakaulizwa. Una hofu? Alhamdulillahi. Usingizi unakupotea? Alhamdulillahi. Sifuri tupu, ukurasa baada ya ukurasa.

Mkuu wa wodi alifurahi. "Kama hawana msongo, kile chumba tulichomtengea mshauri nasaha ni cha kazi gani? Tutaweka magodoro."

Nilikasirika mno. Wanawake hao nilikuwa nawasikia wakilia bafuni.

Sirin aliingia jikoni na karatasi zake, uso umemshuka. "Shangazi, hivi wananidanganya?"

"Wakudanganye wamekosa kazi?" Rasmiyya alikuwa anatwanga iliki, wala hakugeuka. "Mtu unamuuliza kama anamnung'unikia Mungu, unataka akujibu nini? Hata mimi ningekwambia niko kama bibi harusi."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwache ashukuru kwanza. Amalize. Ndipo umuulize."

"Lakini dodoso halina swali hilo."

"Basi litiwe! Kwani limeshuka kutoka mbinguni?"

Sirin alicheka, akaomba kalamu. Kufikia wiki iliyofuata swali la kwanza lilikuwa: Unamshukuru Mungu kwa hali yako? Halikuwa na alama. Yaliyobaki yote yalianza hivi: Pamoja na shukrani hizo.

Rasmiyya akashikilia kwamba ajaribiwe yeye kwanza, maana mwenye wazo ni yeye. Aliketi kifua mbele, mimi nikisoma. Alishukuru kwa kirefu, akawaombea hata wakwe. Hofu, sifuri. Usingizi, moja, "kwa sababu ya paka wa jirani." Nikafika la tisa: Pamoja na shukrani hizo, kuna jambo unalomficha mtu wako wa karibu?

Akaweka kikombe chini.

"Andika nne."

Nilidhani anatania.

"Miaka kumi na moja sasa, binti yangu. Mume wangu hajawahi kuliona kovu. Nabadilishia nguo bafuni, mlango nimeufunga kwa ufunguo." Akaivuta karatasi, akaiandika ile nne mwenyewe, kubwa.

Wale thelathini waliulizwa upya, na safari hii sifuri zilikuwa za kutafuta. Magodoro yalipelekwa kwingine. Jumapili chumba kilipofunguliwa, nilimkuta Rasmiyya mlangoni na trei yake. Nikamwambia mshauri hanywi kahawa.

"Nani kasema ni yake?" Trei ilikuwa na vikombe viwili. Nyuma yake alisimama mumewe, kofia mkononi.