Siku Niliyompima Poni kwa Umeme

Nakumbuka siku moja hapa Juba, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa kazini hucheka peke yangu, mpaka wateja wanadhani simu zao mbovu zimenitia wazimu. Keti nikusimulie. Kushika chuma cha kulehemu naweza kukufundisha kwa wiki chache, lakini nililojifunza siku ile lilinigharimu aibu kubwa, na sioni sababu nawe ukalipate kwa aibu ileile.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Arua na cheti changu cha ufundi wa elektroniki, koleo mbili, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilipanga kibanda mtaa wa Sherikat, karibu na daraja, nikawa natengeneza simu na redio za madereva wa malori. Mafundi wanawake walikuwa wachache, na karibu kila mtu aliyefika kibandani aliniuliza kwanza fundi yuko wapi. Swali hilo nililichukia kupita kiasi. Nikaapa nitaunda kitu ambacho hakuna fundi mwanamume wa Sherikat aliyewahi kukiunda.

Kitu chenyewe kilikuwa mashine ya kupima mwili. Simaanishi uzito, maana mizani iko kwenye kila duka la dawa. Mizani hukwambia kilo, lakini haijui kilo hizo ni za nini. Mashine yangu ilipeleka umeme mdogo sana, ambao mtu hawezi hata kuuhisi, kutoka mkononi hadi mguuni. Maji na misuli huupitisha kwa urahisi, shahamu huuzuia. Ukijua umeme umezuiwa kiasi gani, na ukijua urefu na uzito wa mtu, unaweza kukadiria mwilini mwake maji ni kiasi gani na shahamu ni kiasi gani. Niliyasoma hayo chuoni, nikayafuatilia kwenye simu mpaka macho yakauma. Yangu niliiunda kwa nyaya mbili, vibati viwili vya shaba, na kioo cha tarakimu nilichokitoa kwenye mizani iliyokufa. Ilitumia betri za tochi, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aunganishwe na umeme wa jenereta. Vyote nikavipanga ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Nikawapima waendesha boda wa pale darajani. Walikuwa vijana kumi na tisa, wote wembamba, na wote niliwalazimisha kunawa kwa sabuni kwanza, kwa kuwa sikutaka wanichafulie mashine. Tarakimu zilikuja vizuri. Nikaona kazi imekwisha, nikaanza kutembea kifua mbele.

Sasa, nilikuwa na rafiki anaitwa Poni. Alikuwa mshonaji, mtu wa kabila la Wakuku aliyekulia ukimbizini Uganda, ndiyo maana tulielewana haraka. Alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja mpole, jina lake Lado. Miezi michache kabla ya harusi Poni akaugua figo. Miguu ikavimba, uso ukavimba, halafu dawa zikautoa uvimbe na chini yake tukamkuta amebaki mifupa. Alikula, akapumzika, akapona polepole. Ilipobaki wiki moja, mizani ilionyesha amerudi kwenye kilo zake za zamani. Sisi rafiki zake tulifurahi sana.

Shangazi yake Lado, Mama Rejina, hakufurahi. Yeye ndiye aliyemlea Lado, na neno lake katika ukoo ule lilikuwa la mwisho.

"Kilo iko, mimi naona," alisema. "Lakini hii kilo iko ya nyama ama iko ya moya? Huyu bineya alivimba. Kama moya imerudi, sisi tunangoja mpaka mvua iishe."

Moya ni maji, kwa Kiarabu cha Juba, na bineya ni binti. Usimwone mbaya. Alishampoteza mdogo wake kwa uvimbe uliorudi kimya kimya, na hofu ile ilikuwa bado imemkaa. Lakini Poni alilia siku nzima. Alijua harusi ikiahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, watu wataanza kusema, na wakishaanza kusema haifungwi tena.

Mimi nikasimama mbele ya wote nikasema, "Nina mashine ya kujibu hilo swali." Hakuna aliyeniomba.

Kesho yake nikafika kwao Poni, mtaa wa Mangateen, na kopo langu kwapani. Bibi harusi alikuwa amewekwa ndani, na kila asubuhi alipakwa mafuta ya shea, yale ambayo Juba wanayaita lulu, yaliyochanganywa na manukato. Aliyempaka alikuwa bibi mmoja jirani, Haboba Asunta, yaani Bibi Asunta, ambaye mikono yake ilikuwa imepita juu ya mabibi harusi wa mtaa mzima. Poni aling'aa. Chumba kilijaa wanawake, na Mama Rejina alikuwa amekaa mbele kabisa.

Nikamwekea Poni kibati kimoja mkononi na kingine mguuni. Vikateleza. Nikaviweka tena, vikateleza tena. Nikavifunga kwa vipande vya kitambaa nikaendelea. Mwanangu, kitu kikiteleza mara mbili mbele ya macho yako, simama uulize kwa nini. Mimi nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Tarakimu zikatulia. Shahamu, karibu theluthi mbili ya mwili. Maji hayakufika hata robo. Nikaangalia tena, zikabaki palepale. Mtu mwenye maji machache namna ile hawezi kukaa kwenye mkeka akitabasamu. Mtu wa namna hiyo hayupo hai. Nilijua papo hapo kwamba mashine imesema upuuzi.

"Moya?" Mama Rejina akauliza.

"Ni kidogo," nikasema.

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo sana, Mama."

Vigelegele vikapasua chumba. Mama Rejina alimkumbatia Poni mpaka mafuta yakahamia kwenye gauni lake. Mtu akaanza kupiga dumu la maji kama ngoma, mwingine akaniita injinia, na kwa mara ya kwanza Juba nzima, au niseme chumba kile, hakuna aliyeuliza fundi yuko wapi. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba kila mtu amefurahi, nani ameumia?

Ndipo Mama Rejina akasema, "Kalas, imekwisha. Kesho hakuna kwenda kwa daktari. Mashine imesema."

Kesho ilikuwa siku ya Poni kurudi kliniki kupimwa figo kwa mara ya mwisho. Poni akacheka kwa raha, akasema amechoka na sindano zao. Nikatoka uani nikijidai naenda kusafisha vibati.

Haboba Asunta akanifuata. Alikuwa bibi mfupi, asiye na haraka, na alisimama karibu sana na mtu akiongea.

"Wewe mbona hapana cheka?" akaniuliza.

"Nimechoka, Haboba."

Akachukua kile kitambaa nilichofungia kibati, akakikamua kidogo kwa vidole, akanionyesha. Kilikuwa kimelowa mafuta. "Hii mimi napika siku mbili," akasema. "Napaka bibi harusi ili maji ya mwili isitoke na vumbi isiingie. Sasa umeme yako ilipita wapi?"

Nikakinusa kile kitambaa, nikaelewa. Umeme wangu ulikuwa umegonga kwenye mafuta ya juu ya ngozi, na mashine ikadhani kizuizi chote kile kiko ndani ya mwili.

"Mimi nilikuwa nimekaa pale pale," akaendelea. "Ungeuliza, ningekuambia. Hapana uliza, hiyo ni kosa ya mtoto, mimi nasamehe. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza. Hiyo ni ingine."

Hakunipigia kelele. Aliniachia kitambaa mkononi akarudi ndani, nami nikamfuata.

Nikawaambia wote. Nikasema tarakimu zile si za Poni, nimepima mafuta ya kupaka, na nilijua tangu zilipotokea. Dumu likanyamaza. Poni aliniangalia, na sitaki kukueleza aliniangaliaje. Mama Rejina akauliza polepole, "Kwa hivyo wewe hapana jua?"

"Sijui, Mama."

Haboba Asunta akaagiza maji ya moto na sabuni. Akamsugua Poni mikono na miguu huku akinung'unika kuhusu siku zake mbili za kazi zilizoishia kwenye karai, mpaka wanawake wakaanza kucheka, na Poni naye akacheka. Tukamkausha vizuri, nikapima upya. Safari hii tarakimu zilikuwa za mtu aliye hai. Maji yalikuwa ya kawaida, au yamezidi kidogo, na misuli ipo.

"Inaonekana ni nyama," nikasema. "Lakini mashine hii imewahi kuwajua waendesha boda kumi na tisa tu. Haijawahi kumjua mwanamke aliyetoka kuugua figo. Kesho twendeni kwa daktari."

"Twende wote," akasema Mama Rejina.

Tulikwenda wote kweli, wanawake sita ndani ya chumba cha daktari kisichotosha watu watatu. Daktari akapima mkojo, akapima damu. Halafu akambonyeza Poni kwa kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, chini ya goti, akashikilia, akaachia. Kama kuna maji, akatueleza, shimo la kidole hubaki. Shimo halikubaki. Mama Rejina akaomba na yeye abonyeze. Akapiga magoti sakafuni, mama mzima na kitenge chake cha heshima, akabonyeza mguu wa yule binti, akaachia, akainama kuangalia karibu kabisa. Ngozi ikarudi juu. Akabonyeza mguu wa pili. Kisha akabaki amepiga magoti vile vile, ameishika ile miguu miwili, anacheka na machozi yanamtoka.

"Nyama," akasema. "Hii ni nyama."

Jumamosi, siku ya harusi, tulicheza mpaka viatu vikakatika. Mama Rejina aliniita mbele ya wageni akataka apimwe na yeye, na akaonya kwamba shahamu yake isisomeke kidogo, kwa kuwa ameitafuta kwa miaka mingi.

Baada ya hapo niliivunja mashine nikaianza upya. Badala ya nyaya mbili niliweka nne: mbili za kupeleka umeme na mbili za kusikiliza tu, ili ngozi isichanganye habari za mwili. Nikawa nasafisha ngozi kwa spiriti kabla ya kupima. Nikawapima wanawake, wazee, wabeba mizigo wenye nyayo ngumu, kila mtu aliyekubali. Na kwa wiki kadhaa nilikaa jikoni kwa Haboba Asunta nikijifunza watu wa mji huu wanajipaka nini na kwa nini. Nilidhani nimekwenda kumpa heshima. Kumbe ndiko nilikomalizia masomo.

Sasa sikia, mwanangu. Unda mashine zako, usiogope, na ukisifiwa furahi, sifa ni tamu na sikukatazi. Lakini kabla ya kumpima mtu, muulize, na uwaulize wanaomhudumia kila siku, hata kama hawajawahi kuingia darasa lako. Tarakimu ikipingana na mtu aliyekaa mbele yako anatabasamu, anza kushuku tarakimu. Na ukijua umekosea, sema saa ileile, kabla watu hawajaanza kuishi kwa kosa lako. Poni ana watoto wanne leo. Angeweza asiende kliniki siku ile kwa sababu mimi nilipenda kuitwa injinia.

Mungu aibariki mikono yako isitetemeke juu ya kazi. Akupe wazee wa kukufuata mpaka uani. Na siku chumba kizima kitakapokuwa kinakushangilia na wewe peke yako unajua haistahili, akupe sauti ya kusema "sijui," na akupe watu wema wa kuchemsha maji mwanze upya. Amina.