Mate ya Mnyoo na Adabu Zetu

Mimi ni msomi wa mate. Si mate ya watu. Ni ya mnyoo asiyeonekana kwa macho, anayekula mizizi ya migomba. Nimekaa maabara miaka nikichunguza anachokitema, na ukoo mzima bado unauliza nitapata lini kazi ya maana.

Wakulima wa Mahango, kwetu milimani, niliwaeleza kwa madaha yote. Mnyoo huyu ana sindano mdomoni. Anadunga mzizi, anatema mate, na mate yale yana vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za chembe. Mgomba nao si bwege: ukimgundua mgeni, unatengeneza sumu ya kumfukuza. Lakini katika mate yaleyale mna protini nyingine za kuubembeleza, tulia bwana, hakuna neno, na ulinzi unalala. Anaingia, anakula, anazaa. Nikamalizia kwa sauti ya kiofisa: msipande chipukizi kabla ya kulimenya likawa jeupe na kulitosa kwenye maji ya moto. Wakanipigia makofi.

Kisha nikaolewa Bwera, kule chini karibu na mpaka. Desturi ya kwetu, bibi harusi huenda na migomba ya kwao akaipande kwa mama mkwe. Mama akanikabidhi machipukizi sita, udongo wa nyumbani ungali kwenye mizizi. Unadhani msomi wa mate aliyamenya? Thubutu. Kumenya zawadi ya mama mbele ya wakwe ni kutangaza kwamba kwetu ni wachafu. Niliyapanda vilevile, nikitabasamu kama picha ya kalenda.

Mama mkwe ni mjane, na shamba lile la nyuma ya nyumba ndilo chakula chake. Msimu wa tatu ulipita upepo mmoja, wala si wa kusimulia, migomba ikalala chini na mikungu michanga. Ilianza yangu, ikafuata yake iliyopakana nayo. Majirani wakalaumu upepo. Mimi nilipasua mzizi nikakuta wekundu wa kuoza, alama ya mnyoo yule. Niliona aibu.

Nikamfuata mama mkwe jikoni nikamwambia yote. Alinisikiliza huku akimenya matoke machanga ya mikungu iliyoanguka.

"Hiyo najua," akasema. "Siku ile ulileta, niliona mizizi iko na madoa mekundu. Mama yangu alinifundisha kumenya na kuchoma na maji ya moto."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini, mutoto yangu? Iko zawadi ya mama yako. Nikiichoma, utasema nadharau kwenu."

Kumbe mnyoo alitema mate ya bure. Sisi wawili tulikuwa tumeshalazwa na adabu.

Mama yangu kule milimani aliposikia habari za upepo, akatuma machipukizi mengine, mazuri kuliko yale, na salamu nyingi. Mama mkwe akabandika sufuria kubwa motoni, akanipa panga. "Menya." Nikamenya. Madoa yalikuwepo, mengi. Milimani kuna baridi, mnyoo huenda polepole. Ndiyo maana shamba la mama lilikuwa bado limesimama.

Simu ikaita. Mama aliuliza kama zawadi imefika salama. Mama mkwe akaacha kuchochea moto, akanitazama.

"Imefika, mama," nikasema. "Lakini shamba lako linaumwa."