Nishani Niliyoazimwa Mtoni

"Babu amesahau," nilisema. Nilisema kwa sauti, pilau yake mwenyewe ikiwa mdomoni mwangu, mbele ya wanawe, wajukuu na majirani waliojaa barazani. Ilikuwa siku ya Idd, Mtoni. Mjukuu wake wa kike, ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza, alikuwa amesimama katikati ya mkeka akiigeuzageuza nishani ya babu yake. Kaambiwa asome maandishi ya ukingoni. Akasema, "Babu, mbona hapajaandikwa kitu?"

Mzee yule macho yalikuwa yameshaingia mtoto wa jicho. Akaichukua, akapitisha ukucha wa dole gumba ukingoni, mzunguko mzima. Akazungusha tena. Kisha akageuza uso upande alikosikia ninatafuna.

"Hii si yangu. Yangu ina jina."

Ndipo niliposema amesahau. Nikaongeza na kicheko, "Umri huo jamani, tumvumilie." Watu wakacheka kwa upole, upole ule wa kumcheka mtoto mchanga. Binti yake mkubwa, anayekaa naye, akamtoa nishani mkononi taratibu: "Haya baba, ndiyo hiyohiyo. Kula, chakula kinapoa."

Mie nilijua siyo hiyohiyo. Mie ndiye niliyeibadilisha.

Nieleze nilivyofika hapo. Shule nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo, nikaitwa kwenda vita vya Kagera, nikarudi mzima wakati wengine niliokwenda nao hawakurudi. Halafu ikaja hii biashara huria. Maduka yakajaa sabuni, mitumba ikamwagika kila kona, na sie wa kiwandani tukaambiwa tumezidi. Nikawa kibarua wa kuchimba mitaro kwenye mradi mmoja wa maji. Mkubwa wa pale alikuwa Mzungu anayekaa Kinondoni, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mie mtu wa bara.

Siku moja akaniuliza kama nilipata nishani ya vita. Nikamletea. Hakuitazama sana. Alitoa daftari akaniuliza nilipita wapi, nilikula nini, nani alikuwa kulia kwangu na nani kushoto. Nilizungumza tangu asubuhi mpaka wenzangu wakatoka kazini. Toka nirudi vitani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, hata mke wangu. Nilipomaliza, nishani nikamwachia, na nilimwachia kwa furaha.

"Medali bila mtu ni bati," akaniambia. "Wewe niletee na mtu."

Alitaka wazee wa Keya, jeshi la Mwingereza, waliopelekwa Burma. Nikaacha sululu nikashika daftari. Nilikwenda Tandale, nikamkuta mzee sokoni, nishani yake kamfungia mjukuu kiunoni. Nilikwenda Madale, enzi hizo pori na mikorosho, nikamkuta mwingine utepe umeliwa na mende, na nishani yenyewe anazibia tundu la debe. Hao walitoa kwa hiari yao, wakapata walichotaka. Siwaonei aibu. Nilikuwa naandika maisha yao ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wangu mbaya, na nisiseme uongo, nilijiona mtu. Mie wa darasa la nne naandika watu!

Nikajua na siri za kazi. Zile nishani nyingi, za kila aliyekwenda, hazina jina. Zile za ushujaa zina namba, cheo na jina la mtu, vimechongwa ukingoni. Yenye jina Mzungu aliililia, kwa sababu aliweza kuandika kwao Ulaya akatafutiwa karatasi za huyo mtu.

Balozi wa nyumba kumi wa kule Mtoni ndiye aliyenipeleka kwa yule mzee. Njiani akaniambia, "Huyu bwana ndiyo kumbukumbu ya mtaa. Mipaka ya viwanja yote anayo kichwani." Alisema kama mtu anayesema jino linamuuma. Sikumwelewa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Askari wa Kagera, babu. Nimekuja kwa askari wa Keya."

Akacheka mpaka akakohoa. "Nyie mlikwenda kwa malori mkarudi na maredio ya watu. Sie tulikwenda kwa meli tukarudi na malaria. Kaa."

Nilikaa kwake siku nyingi kuliko kwa mzee mwingine yeyote. Alinieleza ruba walivyowaingia kwenye viatu, nyumbu walivyoteleza kwenye matope. Nilipomuuliza nishani alipewa kwa nini, akasema alikimbilia bunduki ya adui akidhani wenzake wako nyuma yake. "Ningejua niko peke yangu ningelala chini kama wewe ulivyolala Kagera!" Akanipa niipapase. Akaniambia kila Idd wajukuu wanaojifunza kusoma husomeshwa jina lake pale ukingoni, na anayeweza anapewa kanzu au gauni. Nikayaandika hayo yote. Niliyaandika, na bado sikuyafikiria.

Nilipompelekea Mzungu habari, akataka kitu chenyewe. Nikamwambia mzee hatoi. Kila wiki akaniuliza, "Vipi yule wa Mtoni?" Halafu akaniambia pale mradini kuna nafasi ya kudumu, ya mtunza stoo, na anamtafuta mtu anayemaliza kazi anayotumwa.

Nikaenda kwa mzee. "Babu, niazime nikaipige picha."

Akaitoa, akapitisha ukucha ukingoni. Halafu akasema, "Ukikopa unga unarudisha unga mwingine, hakuna ugomvi. Hiki nakuazima. Kirudi chenyewe."

"Kitarudi chenyewe, babu."

Nilichukua nishani ya yule wa Madale, ile ya kuzibia debe, ambayo Mzungu alikuwa hajaichukua. Ni duara vilevile, ina kichwa cha mfalme vilevile. Nikaing'arisha kwa majivu, nikaihamishia utepe wa mzee, nikamrudishia yeye. Yake nikampelekea Mzungu pamoja na daftari la mzee; akalisoma daftari lote kwanza, ndipo akaishika nishani. Nikapewa stoo. Nilitegemea yale macho yake mabovu. Kucha zake sikuzikumbuka.

Baada ya Idd ile binti yake akaanza kumlinda. Sitamsema vibaya, aliniamini mie. Akamnyang'anya funguo za kabati. Mgeni akija na kumuuliza mzee hali, binti anajibu yeye. Mwishowe akawa anamfungia mlango kwa nje akienda sokoni, asije akapotea. Mtu aliyetoka Burma akarudi kwao, apotee Mtoni?

Halafu ukaja mkutano wa eneo la makaburi. Yule balozi alikuwa amejimegea kipande. Mzee akasimama na fimbo yake akasema mpaka uko kwenye mnazi uliokatwa, kisiki kipo, twendeni nikawaonyeshe. Balozi akacheka. "Mzee wetu, kaa. Nishani yako mwenyewe ulishindwa kuijua, kisiki utakijua?" Nilikuwepo. Watu wakanitazama, maana ndiye niliyesema siku ile. Nikainama nikafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa ndala.

Mzee hakusema tena mbele za watu. Nilikwenda kwake mara moja baada ya hapo, nikakuta mlango umefungwa kwa nje, nikasimama dirishani.

"Askari," akasema kabla sijafungua mdomo. Kanijua kwa hatua. "Nilikuazima."

Nikaondoka. 

Nilikwenda kwa Mzungu kuomba irudi. Akasema keshabadilishana na mkusanyaji mwenzake wa huko kwao, na kwamba mie sikumwambia ni ya kuazima. Ni kweli, kwa mdomo sikumwambia. Nikatoka nimenywea kabisa. Mzee akafa masika yaliyofuata, Mzungu akahama nchi, mie stoo nikaiacha, nikawa siwezi hata kuushika ufunguo wake.

Nilimwambia binti yake baada ya arobaini. Nilitaka anipige. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Akasema, "Kwa hiyo nilimfungia mlango mtu mwenye akili zake." Akarudia tena, polepole. Halafu akaniuliza, "Nitamjibu nini baba?" 

Mie aibu yangu ndiyo hii nimeiandika, kila aliyekuwepo Idd ile aisome: mzee alisema kweli, mwongo nilikuwa mie. Wewe balozi uliyejua mzee anasema kweli, kwa kuwa siku tulipotoka mkutanoni ulinikonyeza, kipande cha makaburi kina nyumba yako ya kupangisha sasa. Nenda kamwambie binti wa mzee kisiki kilikuwa wapi.

Na wewe bwana wa mradi. Nilikuja kukumbuka nimelala, nikakaa kitandani. Ukurasa wa mwisho wa daftari la yule mzee niliandika, kwa mwandiko wangu huo mbaya: "Anasema haitoi, hata akifa, ni ya wajukuu kusomea." Wewe ulikuwa unasoma kila mstari, ukinirekebisha hadi nukta. Ukurasa ule uliusoma kabla hujaishika nishani. Kwa hiyo usiniambie sikukwambia. Ulijua ni ya mtu, na mtu yupo hai, na hataki. Njoo useme hivyo Mtoni, barazani, kwa Kiswahili chako kilichonyooka, binti yake akiwa amekaa hapo mbele yako. Ukishindwa kuja, andika. Kuandika unajua.