Sarafu ya Tembo Iliyong'aa Mno

Majivu yaliyolowa maji ya ndimu yana harufu kali inayopanda puani, na nyumbani kwetu Beni harufu hiyo ilikuwa na maana moja: kuna kitu kinakwenda kuonekana na watu. Mama hakuweza kumwazima jirani hata kifuniko cha sufuria kabla hajakisugua. Basi msimu ule wa kahawa, alipoamua kuuza sarafu ya fedha ya wakati wa Wabelgiji, yenye picha ya tembo, aliyoachiwa na baba yake aliyefanya kazi mashambani Mutwanga, aliifanyia vilevile. Ilikuwa nyeusi kama sufuria ya maharagwe. Aliisugua hadi ikawaka, akaifunga kwenye leso, tukapanda gari kwenda Butembo. Njia nzima nilijiona mtoto wa tajiri.

Mnunuzi wetu, Papa Kasereka, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge ambaye pembeni mwa duka lake alikusanya sarafu za kale na kuwauzia wapenzi wa vitu hivyo huko ng'ambo. Siku hizo bandia zilikuwa zimemchosha. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, na yeye mwenyewe walikwisha kumliza. Aliitazama sarafu yetu mara moja tu, akaisukuma kando. "Mama, hii hapana ya kweli," akasema, duka zima likasikia. "Ya zamani haiwezi ng'ara hivi." Wateja wakageuka. Mmoja wao alikuwa mwanakwaya wa kanisa letu la Beni, mwanamke aliyekuwa akichagua kitenge. Alikirudisha mezani akatoka bila kutuaga. Nikaona uso wa Mama ukibadilika. Yeye ndiye aliyetunza sanduku la michango ya akina mama kanisani. Habari kwamba anauza sarafu bandia ikifika Beni kabla yetu, nani angemwachia tena ufunguo?

Mama hakulia wala hakugomba. "Papa, mimi hapana mutu wa kudanganya batu," alisema. "Pima." Papa Kasereka akapima, nadhani ili tu tumwondokee. Uzito ukalingana na wa sarafu ya kweli ya aina ile aliyokuwa nayo. Akaiweka kwenye ncha ya kidole, akaigonga kwa kalamu, ikatoa mlio mwembamba uliokawia kufa; zile za kumiminwa, alizotuonyesha baadaye, zililia kama kifuniko cha chupa. Ukingoni hakukuwa na alama ya kalibu. Halafu akachukua kioo cha kukuzia, akaniita nami nitazame. Nyuma ya sikio la tembo, mahali ambapo majivu hayakufika, palibaki weusi wa miaka mingi. Kosa lilikuwa usafi wetu. Alimweleza Mama kwa upole kwamba wanunuzi huutafuta weusi huo, na kwamba kwa kusugua ameondoa sehemu kubwa ya thamani. Kisha akasimama wima. "Mama, nilikosea. Nilikuchafulia jina mbele ya batu, basi naomba pardon mbele yabo."

Lakini mmoja wao alikwisha kuondoka. Papa Kasereka, mtu mnene asiyependa jua, alipanda pikipiki ya kukodi hadi magari ya Beni yanapopakia, akamkuta mwanakwaya yule ameshaketi garini, akamweleza kosa lake mbele ya abiria wote. Mwanakwaya mwenyewe aliyasimulia hayo kanisani, kwa urefu uliozidi mahubiri. Mama aliushika ufunguo wake mpaka uzeeni.

Leo nami nachunguza sarafu hapa Butembo. Bandia za sasa zina uzito sahihi, na weusi wake hupikwa kwa moshi. Vioo vyangu ni bora kuliko vya Papa Kasereka, na sarafu nyingi hunifikia kwa picha, ndani ya kikundi cha simu chenye watu wasiojuana, ambako mtu huitwa mwizi kabla sarafu yake haijagusa mizani. Namshukuru sana mzee yule kwa kunionyesha nyuma ya sikio la tembo, na zaidi kwa vumbi alilokula kwa ajili ya mama yangu. Mara nyingi kidole changu huwa tayari kutuma neno "bandia". Hukirudisha, nikampigia kwanza mwenye sarafu, yeye peke yake. Nikikosea mbele ya wote wale, hakuna pikipiki itakayonifikisha kwao.