Kitambaa Changu na Masizi ya Mjerumani

Siku yangu ya kwanza katika duka la picha za kuchora mjini Houston, mwenye duka alinipa glovu nyeupe na amri moja: "Shika fremu, usishike picha." Nilikuwa seremala wa vitanda Zanzibar. Alinichukua kwa sababu nilijua kutengeneza makasha ya kusafirishia picha, na kasha baya huua picha kabla haijafika.

Wiki ile ile zikaja picha tatu za mchoraji kijana wa Kijerumani, mwanamke asiyejulikana na mtu. Nilipofungua kasha la kwanza nikaona vumbi jeusi pembeni mwa turubai, yaani kitambaa kinachochorewa picha. Kwetu kitu hakiondoki karakana kabla ya kupanguswa. Nikatoa kitambaa mfukoni nikapangusa. Vumbi likazidi kutoka, kwa kuwa lilikuwa masizi, na masizi ndiyo yaliyokuwa rangi ya picha yenyewe. Pakabaki weupe wa ukubwa wa sahani.

Mchoraji alipofika alisimama mbele ya picha ile. Mwenye duka akauliza nani kaigusa. Nikatazama viatu vyangu. Mchoraji akasema, "Iacheni hivyo hivyo. Hapo jicho linapumzika."

Picha zile hazikununuliwa. Lakini zilizofuata, kila moja ilikuwa na mahali palipofutwa, na kila mwaka pakawa pakubwa zaidi. Nilipohamia bohari ya kuhifadhia picha huko Stafford, nje ya Houston, zilikuja na bima nzito, maana sasa alikuwa na jina. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa ya hali, yaani kila mkwaruzo unaouona kabla picha haijaondoka. Weupe ule sikujua niuandike vipi, kama kasoro au kama kazi yake.

Siri yangu nilimwambia mkuu wa bohari, Mkenya wa Mombasa. Akanijibu, "Wacha hiyo story, mzee. Uki-confess, wata-fire mimi na wewe." Sikumwambia mwingine. Mke wangu alikuwa ameshachoka na Marekani, amerudi kwao. Jioni nilikula peke yangu mtaani Sharpstown, na upweke huo uliniuma kuliko mgongo uliochoka kubeba makasha.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Dallas, kwenye jumba la makumbusho, na maonyesho makubwa yakawa ya yule mchoraji. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi kama zangu. Tulipokuwa tunatundika picha ya mwisho nikavua glovu, nikamwambia, "Ile ya kwanza Houston, niliifuta mimi."

Hakushangaa. "Najua," akasema. "Kitambaa chenye masizi kilikuwa kinachungulia mfukoni mwako. Miaka yote nangoja useme, nikuulize mkono wako ulianzia juu au chini. Nimejaribu kila namna, weupe ule siupati."

Nikaunyanyua mkono hewani, nikaushusha, nikaunyanyua tena. Nilikuwa nimesahau.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoingia kazi hii, fundisho langu si glovu. Mkikosea, semeni siku ile ile, maana huenda kuna mtu anawangojea. Mimi niliona haya, nikamwacha mwenzangu peke yake na swali lake, nami peke yangu na jibu, mpaka likanipotea.