D.O. Mmoja Kwenye Picha

Tessa Hoekstra, mwanafunzi wa udaktari, alitoka mji wa Muskegon kuja hospitali yetu na viatu vya kusimamia saa kumi na sita na imani ya kitoto juu ya tovuti. Alitaka kuwa mpasuaji wa ubongo. Kosa lake lilikuwa moja tu: chuo chake kinatoa shahada ya D.O., udaktari kamili unaofundisha pia kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono, si M.D. ya kawaida. Mitihani ya kwao alifaulu, ya wenzao wa M.D. pia alifaulu. Haikusaidia. Kwa wakubwa wa upasuaji wa ubongo, D.O. ni binamu aliyekuja harusini bila kadi.

Kwa hiyo alizipima hospitali kwa picha. Alifungua kurasa zao akatazama madaktari walio mafunzoni, na palipoonekana D.O. hata mmoja, aliweka nyota. Kwenye ukurasa wetu alimkuta Rudy Pacheco, kacheka meno yote nje. Akatupatia sisi Agosti yake nzima, mwezi wa kufanya kazi bure huku unatazamwa. Miezi ya namna hiyo alikuwa nayo mitatu, na kila mmoja unapaswa kuzaa barua ya mkubwa. Bila barua, hakuna anayekuita kwenye usaili wa nafasi ya mafunzo.

Mkubwa wetu ni Daktari Langley, mtu anayesalimia lifti zaidi ya watu. Siku ya kwanza akamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye yule mkandaji? Mgongo unaniuma, njoo."

Wakacheka. Tessa naye akacheka, maskini.

Wiki tatu alifika saa kumi na moja alfajiri, akajua kila mgonjwa kwa kitanda. Langley alimwita "binti wa mifupa". Katika chumba cha upasuaji alishikishwa taa tu.

Mimi nasukuma vitanda vya wagonjwa, kwa hiyo nasikia mengi. Jumanne nilikuwa kwenye lifti na mgonjwa aliyelala fofofo, Tessa na Rudy wamesimama pembeni.

"Kaka Rudy, wewe walikupendea nini?"

"Nani kanipenda?" Rudy akasema. "Hospitali yangu ya kwanza ilifungwa nikiwa mwaka wa tatu wa mafunzo. Hawa walilazimika kunichukua. Nilirithiwa, dada, kama kochi la marehemu."

"Na kabla yako?"

"Hakuna. Baada yangu pia hakuna. Picha yangu kwenye tovuti wanaipenda, lakini."

Tessa hakulia. Alishuka ghorofa ya nne, akaenda moja kwa moja kwa Langley, nami na kitanda changu nikachelewa makusudi.

"Daktari, ni D.O. wangapi mmewaita kwenye usaili miaka mitano hii?"

"Tunamwangalia kila mtu."

"Nimeuliza idadi."

"Binti, barua yako bado sijaiandika."

"Usijisumbue."

Akavua kitambulisho, akakiacha juu ya kikombe cha kahawa cha Langley. Kikombe kilikuwa na kifuniko, bahati mbaya. Kule korido akampigia simu katibu wa hospitali ndogo ya mji wa Grand Rapids ambayo hakuipa nyota kwa sababu tovuti yao haina picha hata moja.

"Mama, samahani. Mmewahi kumchagua D.O. wenyewe, tangu mwaka wa kwanza?"

Sauti ya katibu huyo ilisikika hadi kwangu. "Wawili. Mmoja yuko hapa anakula sandwichi yangu. We Kessler, acha hiyo! Unataka kuja lini, mwanangu?"

"Jumatatu," Tessa akasema, akaanza kuuliza majina na miaka waliyochaguliwa, kalamu mkononi.